Sauti Isiyojua Kuuliza

Jumatatu, 3 Juni

Nimeteuliwa! Bado si cheo chenyewe, ila ni ngazi ya kukifikia, na mimi ngazi nazijua. Nikishakanyaga ya kwanza siangalii chini.

Mambo yako hivi. Nisomee ni programu inayosoma ujumbe wa simu kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wasioona vizuri na wale ambao mikono yao imeshikwa na kazi. Haiuzwi. Tunaijenga sisi wa kujitolea, na msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha. Kwa bahati mbaya "yeyote" ni pamoja na Nukta.

Mlezi wa mradi ni mjamzito na mwezi ujao anapumzika. Atamwachia mtu ufunguo, yaani ruhusa ya kuamua marekebisho ya nani yaingie kwenye programu na ya nani yarudi kwao. Tunaoutaka ni wawili. Mimi, fundi wa mashine za kunakili mchana, Mtaalamu wa Mifumo kwa jina la mtandaoni. Na Nukta, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, mtu anayeweka nukta hata baada ya kuandika "Sawa".

Jumamosi ni Siku ya Kasoro. Watu watakusanyika ukumbini, wengi wao wageni, kila mmoja achague kasoro moja airekebishe kabla ya jioni. Ili wasitapetape, lazima mtu azipange kwanza taarifa zote za kasoro walizoleta watumiaji. Asome kila moja, aijaribu kwenye simu aone kama ni kweli, aunganishe zinazofanana, kisha abandike lebo: rahisi, wastani, ngumu sana. Mlezi aliuliza nani atajitolea. Nukta alikuwa bado anafungua mdomo. Nikasema mimi! Mlezi akasema atakayeonyesha uongozi wiki hii, hatamsahau.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kuwa ni kazi ndogo. Amesema mara ya mwisho kusema hivyo ilikuwa juu ya kitasa cha mlango, na sasa nyumba nzima ina ufunguo mmoja, tena umepinda. Ameniagiza nipite kwa wale wa duka la funguo watuchongee mwingine. Nitapita.

Mama mkwe, anayekaa nasi tangu macho yake yaingie ukungu, hakuitika salamu yangu. Si mimi tu, hajibu mtu. Mdogo wake alimtumia ujumbe wa kumlaumu kwamba amemsusa. Ujumbe wenyewe hamwonyeshi mtu, anasema ni aibu. Walilala kitanda kimoja tangu utoto hadi kuolewa, leo hawapigiani simu. Nikamkumbusha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Akaniuliza mimi jembe nililishika lini.

Jumanne, 4 Juni

Watu wana malalamiko! Taarifa ya kwanza: "Haifanyi kazi." Basi. Wapi, lini, simu gani, hakuna. Ya pili inasema sauti inatamka "ng'ombe" kama mtu aliyekabwa koo. Nimejaribu. Kweli, amekabwa. Nikajaribu na ng'ambo, ng'oa, ng'ata, nikanogewa, hadi mteja akaniuliza mashine yake ya kunakili inapona lini.

Kwa mwendo huu nitamaliza mtoto wa Mlezi akiwa shuleni.

Mbinu ya kwanza: kusoma kichwa cha taarifa tu. Akili ya mtu iko kichwani, kwa nini ya taarifa iwe kwingine?

Mbinu ya pili imenijia nikinywa chai. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeithamini. Kasoro tamu, zile za kubadilisha neno moja na mambo kwisha, nimezibandika NGUMU SANA. Wageni wataziogopa. Jumamosi mchana, watu wamechoka, nitasimama mbele ya skrini nizimalize moja baada ya nyingine kama mtu anayemenya karanga. Zile mbaya, zenye mizizi hadi chini kabisa ya msimbo, nimezibandika RAHISI. Nukta hupenda kukaa na wageni na kuwasaidia zile rahisi. Karibu sana, Nukta.

Zilizobaki nafunga, yaani asizishughulikie mtu tena. Kuna moja ina kichwa "Sauti haijui kuuliza". Hiyo niliisoma mwili pia, kwa udhaifu. Mlalamikaji anajiita Dada Mkubwa. Anasema sauti yetu inasoma kila kitu kama hakimu anayetoa hukumu. Alama ya kuuliza haioni. Eti juzi binti yake alimwandikia "Umekula?" naye akasikia "Umekula." Akakaa na njaa akijiuliza amekula nini na lini.

Nimecheka. Kisha nimeifunga kwa maneno haya: "Hii si kasoro. Ni suala la kuelewana nyumbani. Kaeni mzungumze." Jibu fupi, lenye busara. Uongozi ni huo.

Jumatano, 5 Juni

Nukta amepiga simu. Kwa upole, ule upole wake wa kusahihisha. Anauliza kwa nini "Neno 'Funga' limeandikwa 'Fuga' kwenye kitufe" ni NGUMU SANA. Nikamwambia ukilitazama juu juu ni herufi moja, lakini kuna athari za kimfumo. Akauliza athari zipi. Nikasema zile za ndani. Akasema sawa. Niliisikia nukta yake kabisa!

Akauliza pia kama nimezijaribu zote kwenye simu. Nikamjibu kwa swali, nikamuuliza yeye anadhani vipi. Huo ni mtego wa zamani na bado unanasa.

Jioni mama mkwe amezungumza na mimi bila kunisuta, jambo ambalo halijatokea tangu habari za kitasa. Amejaa gadhabu. Amesema aliandika shida yake mahali, binti yake akimsaidia kuchapa, na mpumbavu mmoja asiyemjua akamjibu kwa kiburi, kama anamjibu mtoto. Damu ilinichemka. Mama mzima, na macho yale! Nikamwambia, mama, usikubali. Watu wa namna hiyo ukiwaachia wanapanda kichwani. Mwandikie tena, safari hii kwa herufi kubwa, na umwambie unataka kujua ni nani.

Akasema kumbe wakati mwingine nina utu. Mke wangu naye akanipa kipande cha nyama kilichokuwa cha kesho.

Sikupita duka la funguo. Mvua.

Alhamisi, 6 Juni

Yule Dada Mkubwa amerudi! Amefungua tena taarifa yake, na sasa ni HERUFI KUBWA tupu. ANATAKA KUJUA MIMI NI NANI. ANASEMA WATU WA NAMNA YANGU UKIWAACHIA WANAPANDA KICHWANI. Sijui siku hizi watu wanafundishwa na nani. Nimeifunga tena na kuandika: "Tafadhali tumia lugha ya staha."

Mengine yanakwenda vizuri. Taarifa zote zina lebo. Mlezi ameandika kwenye kundi kwamba anashangazwa na kasi yangu. Kushangaa ni mwanzo wa kukubali. Nimepita kwa fundi wa mihuri, jirani na karakana yetu, nikaagiza muhuri wa mbao wenye maneno MLEZI MKUU. Ameniuliza wa kugonga wapi, maana programu haina karatasi. Nikamwambia akae kwenye fani yake.

Duka la funguo liko mtaa uleule, upande wa pili. Nilikuwa na mawazo mengi.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika kwa mpangilio, nisije nikalia kabla ya wakati.

Mchana nilikuwa nimelala chali chini ya mashine ya kunakili ya ofisi moja ya mawakili, mikono myeusi kwa unga wa wino. Simu mfukoni ikaita kidogo, kisha Nisomee ikasoma, kwa ile sauti yake tulivu, ujumbe kutoka kwa mke wangu: "Wamekupa ufunguo."

Nilijigonga kichwa. Sikusikia maumivu. Wamenipa! Habari zimefika hadi kwa mke wangu kabla yangu, bila shaka Mlezi alimpigia ili nishtukizwe. Nikatoka chini ya mashine, nikawashika mawakili mikono, wote, na wino wangu. Kisha nikaandika kwenye kundi la mradi, watu wote wasome: "Ndugu zangu, nimeupokea ufunguo kwa unyenyekevu. Kwa wale waliokuwa wanautaka, msife moyo, nami niliwahi kuwa kama nyinyi."

Hakuna aliyejibu. Nikajua ni heshima.

Nimenunua keki. Nimefika nyumbani nikakuta mke wangu na mama mkwe wamekaa kwenye ngazi, nje ya mlango, mfuko wa mboga katikati yao. Nikainua keki juu. Mke wangu akauliza ufunguo uko wapi. Nikasema uko mikononi mwa anayestahili. Akasema autoe basi, mama anataka kwenda haja. Nikamwambia ule si wa kutoa, ni ruhusa. Akaniuliza nimelewa?

Hapo tukabishana. Yeye anasema ule uliopinda umekatikia ndani ya kitasa, ndiyo maana aliandika kuniuliza kama wale wa duka wamenipa mwingine. Mimi nasema hakuuliza, alinijulisha, nilisikia kwa masikio yangu mawili. Akachukua simu yangu, akafungua ujumbe, akanisogezea puani. Wamekupa ufunguo. Na mwishoni, imekaa imejikunja kama ndoano: alama ya kuuliza.

Mke wangu akasema ndiyo hiyo shida mama aliyowaandikia wenye programu, akajibiwa ovyo na mpumbavu mmoja anayejiita Mtaalamu wa Mifumo. Mama mkwe akasema kesho anakwenda ukumbini kumwona huyo mtu uso kwa uso. Akaniomba mimi nimsaidie kumtafuta.

Nikasema nitajitahidi.

Jirani amevunja kitasa kwa nyundo. Keki tumeila. Sasa naogopa, nasema ukweli. Ufunguo sina na nimeshautangaza, na mama mkwe, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake ameniita mwanangu, kesho ananitafuta bila kujua ni mimi. Ila mtu mzima hafi kwa mpango mmoja. Kwanza: kesho nifanye makubwa hadi tangazo langu liwe kweli. Pili: viatu vya mama mkwe nimevificha ndani ya ndoo ya unga. Hawezi kwenda mahali pa watu na kandambili, namjua.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya Kasoro. Ukumbi uko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Viti vya plastiki, projekta, spika kubwa kwa ajili ya kusikiliza sauti. Watu walijaa. Nilipoingia wakanipisha njia. Mlezi, mkono mmoja kiunoni na mwingine tumboni, akasema tutazungumza baadaye. Nukta akasema hongera, bila nukta. Nikajua anajua kwamba ufunguo sina.

Wageni wakajichagulia kasoro zilizoandikwa RAHISI, na mimi nikajiandaa kutazama. Sikufurahi kama nilivyopanga. Binti mmoja, mwuguzi, aliyeomba ruhusa kazini ili ajifunze, alikaa na kasoro yake asubuhi nzima bila hata kujua aanzie wapi. Akauliza kwa sauti ndogo, kama hii ndiyo rahisi, basi yeye hana kichwa cha kazi hizi? Akafunga kompyuta. Akaondoka. Wengine wawili wakamfuata. Nukta akanitazama, mimi nikatazama projekta.

Dawa ya moto ni moto. Nikasimama mbele, nikatangaza kwamba nitashughulikia zile NGUMU SANA, hadharani. Nikaunganisha simu yangu na spika. Nikabadilisha "Fuga" ikawa "Funga". Makofi machache. Nikanogewa. Nikahamia kitufe cha kunyamazisha, nacho nilikuwa nimekibandika lebo kwa kusoma kichwa tu. Nikafuta mstari mmoja nilioona hauna kazi. Kumbe ulikuwa na kazi. Ndio ulioinyamazisha sauti.

Toka hapo simu yangu ikawa inasoma kila kinachoingia, ukumbi mzima ukisikia, na mimi nabonyeza kitufe kisichobonyezeka. Fundi wa mihuri: muhuri wako wa Mlezi Mkuu uko tayari, uje uuchukue. Mke wangu: mama ametoka. Mke wangu tena: amevaa viatu vyako.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, gauni la sherehe, mkono mmoja ukutani, na miguuni viatu vyangu vyeusi vya harusi, vinamtangulia kama mitumbwi. Akauliza, kwa sauti iliyofika hadi kwenye duka la chini, ni nani kati yao Mtaalamu wa Mifumo.

Ukumbi wote ukanitazama. Nikageuka nyuma. Hakukuwa na mtu.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisogea hadi akanitambua kwa harufu ya wino, akasema, taratibu, kwamba ushauri wangu wa herufi kubwa ulikuwa mzuri sana. Kisha akaniuliza kama nilisoma alichoandika. Nikasema nilisoma. Akasema kumbe nilisoma, na bado. Niliona aibu. Naiandika kwa sababu ilikuwepo.

Nukta akamletea kiti. Akafungua tena taarifa yake mbele ya wote na kuuliza nani angependa kukaa naye. Kisha akamtumia yule mwuguzi ujumbe kwamba lebo zilikosewa, si yeye, na mwuguzi akarudi. Wakakaa watatu, mama mkwe akiwa ndiye sikio lao. Wanabadilisha, anasikiliza, anatikisa kichwa. Bado hakimu, anasema. Wanabadilisha. Sasa amekuwa karani. Wanabadilisha tena. Kufikia saa kumi sauti ikasema "Umekula?" ikapanda mwishoni vizuri kabisa, na mama mkwe akajibu hapana, kwa kweli bado. Watu wakacheka, mtu akaenda kumletea chakula.

Mwuguzi akasema wajaribu kwa ujumbe wa zamani, wa kweli, tuone. Mama mkwe akawapa simu yake. Sijui kama alikumbuka ujumbe wa nani ulikuwa bado umo humo. Sauti ikasoma, kwa upole: "Dada, umenisusa?"

Basi. Swali. Mdogo wake alikuwa anauliza tu, na wiki zote hizo anasubiri jibu.

Mama mkwe akaomba warudie. Wakarudia. Akaomba simu, akatoka nayo kwenye kibaraza, na viatu vyangu vikiburuzika. Tulimsikia akisema hapana, mdogo wangu, hapana, nikususe mimi, wewe? Halafu hatukusikia maneno tena. Mimi nilikuwa karibu na mlango, machozi yakanilengalenga, nikaangalia nyaya za projekta hadi yakakauka.

Ufunguo amepewa Nukta. Watu walipiga makofi hadi watu wa duka la umeme wakapanda kuuliza kuna nini. Mlezi aliponijia nilidhani atanifokea. Akasema tu kwamba kupanga kasoro ni kumsikiliza mtu usiyemwona. Nikasema nimeelewa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeelewa, ndiyo. Nimeelewa kwamba mpango ulikuwa mzuri na uchache wa lebo ndio ulioharibu.

Mama mkwe ameondoka alfajiri kwenda kwa mdogo wake. Ameacha ujumbe kwa mke wangu kwamba unga ulionukia viatu ameutambua. Mke wangu anasema nitaosha vyombo hadi atakaporudi, na hakusema anarudi lini.

Toleo jipya la Nisomee limetoka asubuhi. Lina kazi ya Nukta, jina la Nukta, na bila shaka nukta za Nukta. Kila mtu analisifu. Mimi siliweki kwenye simu yangu ng'o! Mtu ana heshima yake. La zamani linanitosha, tumezoeana.

Badala yake nimemwandikia Mlezi pendekezo refu. Siku ya Kasoro ya mwakani niipange mimi tena. Lebo saba badala ya tatu. Kasoro ngumu kabisa zisionekane na mtu isipokuwa mpangaji. Wazee wa familia za wapangaji wasiruhusiwe ukumbini. Nimeeleza kwamba makosa ya mwaka huu yalitokana na kukosa madaraka ya kutosha.

Jibu limekuja nikiwa na mikono ndani ya maji ya vyombo, povu hadi kwenye viwiko. Simu, pale juu ya rafu, ikasoma kwa ile sauti tulivu niipendayo: "Una akili wewe. Tukupe tena kazi hii."

Nililia kidogo, sioni haya. Sikutegemea angenisifu waziwazi hivyo, na mapema hivi. Nimekausha mikono, nimemjibu kwamba nimekubali, na nimempigia fundi wa mihuri asiutupe ule muhuri, auongezee tu neno DAIMA.